Lifti ya Mzee Threlfall

Bi Maureen Pilling alinigawia nusu ya mkate wake wa mayai saa nne asubuhi, na saa mbili na robo jioni nikamdanganya. Katikati ya saa hizo tulikuwa marafiki.

Tulikaa benchi moja, mlangoni pa ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, kituo cha kupigia kura cha kata ya Pottergate. Yeye alivaa utepe wa zambarau wa chama kilichoishika halmashauri ya mji wetu wa Haxenby kwa miaka kumi na sita. Mimi nilivaa utepe mweupe wa chama cha Wakazi Kwanza. Kazi yetu ilikuwa ile ile. Mpiga kura akitoka, tunamwomba namba yake ya daftarini na kuiandika. Kila baada ya saa moja mtu anakuja kuchukua karatasi, ili kule kwenye chumba cha kampeni wajue nani kati ya watu wetu bado hajapiga kura, wamfuate.

"Namba yako, bwana, tafadhali," niliwaambia.

"Ya nini? Mnataka kunichumbia?"

"Mkinigongea mlango tena leo," alisema mama mmoja mwenye mbwa wawili, "nawapigia kura wale wengine."

"Wale wengine ndio mimi," Bi Maureen akamjibu. "Karibu sana."

Mmoja wetu akienda chooni, mwingine aliandika kwa niaba ya wote wawili, na mwenzake akirudi ananakili. Hakuna sheria inayowataka mahasimu wafanye hivyo. Ni desturi tu, na ilikuwepo kabla sijazaliwa. Lifti nazo zina desturi yake: mzee au mgonjwa akiahidiwa lifti na upande wowote, upande huo ndio utakaompeleka, awe anampigia nani. Haulizwi. Na ukishasema utamfuata, upande wa pili unamwondoa kwenye orodha yake ili asigongewe mara mbili.

Mzee Wilfred Threlfall alikuwa kwenye orodha yangu. Nilimwahidi mwenyewe.

Nilimfahamu mwezi wa tatu, nilipokuwa nagonga milango ya Chapel Brow, barabara yenye mwinuko mkali ambao hata paka huupanda kwa kupumzika. Alikuwa na miaka themanini na minne, amefanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa kwanza, na alifika mlangoni polepole akisukuma kile kifaa chake cha kutembelea. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kiangazi kilichopita, nina shahada ya historia, naishi kwa mama, asubuhi nauza maua. Niliamini kwamba halmashauri ya mji mdogo inaweza kuwa kitu kizuri. Bado naamini. Nilipoanza hotuba yangu alinyanyua kiganja.

"Ingia ndani, binti. Hotuba hiyo inataka chai."

Alinipa chai na keki ya tangawizi, kisha akafungua droo. Ndani mlikuwa na madaftari ya shule, na ndani ya madaftari hayo, kwa mwandiko wa karani, matokeo ya kila uchaguzi wa halmashauri ya Haxenby tangu ilipoundwa mwaka 1973. Kata zote, wagombea wote, hata kura zilizoharibika. Alikuwa karani wa ofisi ya uchaguzi kwa miaka thelathini.

"Haya hayako mtandaoni, mzee?"

"Yako. Nusu yake yana makosa," alisema kwa furaha kubwa.

Alinisimulia habari za mwoka mikate aliyegombea mwaka 1976 akapata kura saba, na nyumbani kwake kuna watu wazima tisa. "Chakula cha jioni hiyo kililiwa kimya kimya." Akanisimulia mwaka 1979, kata yetu hii hii, wagombea wawili walipolingana kura mia saba na mbili kwa mia saba na mbili. Sheria inasema kura zikilingana, bahati iamue. Msimamizi wa uchaguzi akaandika majina mawili kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kopo la biskuti, akafumba macho na kutoa kimoja. Aliyeshindwa alimpa mwenzake mkono, akatoka nje, akalipiga teke gurudumu la gari lake mwenyewe.

"Na wewe, mzee, umepiga kura chaguzi ngapi?"

"Zote. Kumi na tatu. Mwezi wa tano itakuwa ya kumi na nne."

"Kwa nyonga hiyo? Si uombe kura ya posta?"

"Kura ya posta ni sawa na kumbusu mkeo kwa barua. Nataka kile kibanda cha mbao. Nataka ile penseli iliyofungwa kwa kamba, utadhani kuna mtu ataiiba."

"Basi nitakupeleka mimi," nikasema. "Saa kumi na mbili jioni nitakuwa mlangoni."

Aliiandika kwenye kalenda mbele yangu, na jina langu pembeni: Tamsin.

Kitu kilichonifanya niingie katika mambo haya ni bwawa la kuogelea. Watu wa zambarau walikuwa wamekwisha pitisha azimio la kulifunga bwawa la mji, lile la Station Road, na kuuza kiwanja. Mimi nilijifunzia kuogelea mle. Mama yangu anaogopa maji hadi leo, na alikuwa akikaa kwenye viti vya juu amefumba macho hadi nitoke. Madiwani wako thelathini na tisa. Kwa hesabu zetu, tukiipata Pottergate tungefika ishirini, na bwawa lingebaki. Tukiikosa, tungebaki na kumi na tisa. Nasema mapema ili mtu asidhani ninaficha: bwawa halikuuzwa. Watoto mia nne wanaogelea mle kila wiki.

Mgombea wetu alikuwa Denise Ollerenshaw, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa kata. Chumba chetu cha kampeni kilikuwa jiko lake. Saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya Alhamisi ya uchaguzi, mtu alinipokea zamu benchini nami nikaenda kwake kuchukua orodha ya lifti. Meza ilikuwa imejaa karatasi na vikombe. Nilikuwa na nyumba kumi na nne. Kila jina lilikuwa na herufi pembeni: W kwa watu wetu, Z kwa wa zambarau, S kwa wasiojulikana. Kwa kuwa nilimwahidi mwenyewe Mzee Threlfall, sikuwa nimewahi kuitazama herufi yake.

Ilikuwa Z, kwa wino mwekundu.

"Mdogo wangu," alisema Denise, simu ikiwa begani, sikio limeibana, "hali ni ngumu. Tunaachana kwa kura ishirini, huku au kule, sijui. Anza na W. Wengine ukipata nafasi."

Hakuniambia nimwache mtu. Lazima niliseme hilo waziwazi, kwa sababu baadaye nilijaribu kukumbuka kwamba aliniambia, na kumbukumbu hiyo ilikuwa inakaribia kukubali.

Nilimchukua Bi Vera Hargreaves wa Kiln Street, nikamshusha kituoni. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nilikuwa kwenye taa za barabarani chini ya Chapel Brow. Kushoto ni mwinuko. Kulia ni Mill Lane, alikokuwa akisubiri mama mmoja mwenye W. Taa ilikuwa nyekundu kwa muda mrefu, au mimi ndiye niliyeiona hivyo. Niliwaza bwawa. Niliwaza watoto. Ni rahisi sana kuwaza watoto unapotaka kufanya jambo baya. Nikajiambia: hakuna anayekulazimisha kubeba kura ya adui kwa gari na mafuta ya mama yako. Nikajiambia: nitarudi saa moja.

Taa ikawa ya kijani. Nikakata kulia.

Saa moja simu ililia. Jina la Mzee Threlfall likatokea kwenye kioo, maana nilikuwa nimelihifadhi tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, sina abiria, sina kisingizio. Niliiacha ilie hadi ikanyamaza. Saa mbili kasoro dakika kumi ikalia tena. Safari hii aliacha ujumbe. Sikuusikiliza.

Saa mbili na robo nilikuwa nimerudi benchini kumalizia zamu. Kulikuwa bado na mwanga, ule mwanga mrefu wa mwezi wa tano, na baridi yake. Bi Maureen alikuwa amejifunika blanketi magotini, anapitisha kidole kwenye orodha yake.

"Mzee Wilfred simwoni hapa," alisema. "Nilimpigia mchana, akasema ana lifti kwako. Umeshampeleka?"

Ningeweza kusema bado. Kituo kilikuwa kinafungwa saa nne. Kulikuwa na wakati wa kutosha kwenda Chapel Brow mara tano.

"Ndiyo," nikasema. "Saa kumi na mbili. Wewe ulikuwa umeingia ndani kunywa chai, na mwenzangu alisahau kuiandika namba yake."

"Aa! Ndiyo maana." Akalikata jina lake kwa mstari. "Nilikuwa namwambia Geoffrey akamfuate. Gari lake liko pale, linakaa bure."

Nikatazama. Geoffrey Stubbs, mgombea wao, alikuwa ameegemea gari la kijivu ng'ambo ya barabara, anakula viazi vya kukaanga.

"Ya kumi na nne hiyo," Bi Maureen akaendelea. "Lazima alitabasamu hadi masikioni."

"Alitabasamu," nikasema.

"Ubarikiwe, mwanangu."

Akanisogezea upande mmoja wa blanketi, ukanifunika magoti.

Kura zilihesabiwa Ijumaa asubuhi katika ukumbi wa michezo wa Station Road, ambao unatenganishwa na bwawa kwa ukuta mmoja. Mle ndani unanusa dawa ya maji muda wote. Kabla sijashuka kwenye gari nilisikiliza ule ujumbe.

"Tamsin, ni Threlfall. Usijihimize, najua mna kazi nyingi leo. Nimeshavaa koti. Kadi ya basi yenye picha yangu iko mfukoni, maana siku hizi kituoni wanataka kuona picha yako, utadhani unaingia benki. Nipo dirishani, nitakuona ukifika."

Niliusikiliza mara moja tu. Hadi leo naweza kuutaja neno kwa neno.

Ukumbini makarani walikuwa wamepanga karatasi mafungu mafungu ya ishirini na tano. Tuliruhusiwa kutazama bila kugusa. Kura saba zilikuwa na utata, na msimamizi akatuonyesha moja baada ya nyingine. Mtu mmoja alichora paka anayecheka kwenye kila kisanduku. Mwingine aliandika, WOTE WEZI.

"Huyo ni shemeji yangu," alisema Geoffrey Stubbs. "Mwandiko wake naujua."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mafungu mawili yanavyokua sambamba. Denise mia sita na kumi na moja. Stubbs mia sita na kumi. Wakahesabu upya. Mia sita na kumi na moja. Mia sita na kumi.

Watu wetu walipiga kelele, wakakumbatiana, mmoja akaangusha kiti. Denise alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa napiga hesabu ambayo hakuna mwingine ukumbini aliyeijua. Kama yule mzee angekuja na kuipa zambarau kura yake, zingekuwa mia sita na kumi na moja kwa mia sita na kumi na moja, na mtu angetafuta kopo la biskuti. Sikuiba ushindi mzima. Niliiba ile nusu ambayo ilikuwa ya bahati, na hata hiyo sikuweza kuwa na uhakika nayo.

Bi Maureen alivuka ukumbi kuja kwangu, akanishika mikono miwili.

"Mmeshinda kwa haki," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kura moja! Wilfred atafurahi kuiandika hiyo, hata kama inaniuma mimi."

Nilimkamata Denise kwenye korido, karibu na makabati ya kubadilishia nguo. Alikuwa na kipande cha mkate wa soseji mkononi, hakuwa amekula tangu jana yake.

"Mzee Threlfall hakupiga kura," nikamwambia. "Nilimwahidi lifti, sikwenda."

"Oo, maskini. Ulimsahau?"

"Sikumsahau."

Alinitazama. Kisha akatazama nyuma yake, kwenye mlango. Hapo nikajua ameelewa.

"Sikiliza, Tamsin. Hakuna mtu aliyewahi kufungwa kwa kutoendesha gari."

"Maureen aliniuliza. Nikamwambia nimeshampeleka."

Nyuma ya ukuta tulisikia darasa la watoto wakiingia majini, mmoja baada ya mwingine, na mwalimu anahesabu.

"Hilo usilirudie kwa mtu," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Wiki mbili zijazo tunakaa kikao cha kwanza. Baada ya hapo, sema unachotaka. Sasa nenda nyumbani ukalale, mdogo wangu. Umechoka, ndiyo maana unaona kila kitu kikubwa."

Akanipangusa makombo begani, makombo ambayo yalikuwa yake. Denise si mtu mbaya. Mimi pia sikuwa mtu mbaya, hadi Alhamisi.

Jumamosi asubuhi niliacha gari chini, nikaupanda Chapel Brow kwa miguu. Sikuona kama nina haki ya kufika pale kwa gari. Mzee Threlfall alifungua mlango, akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili na kuniangalia kuanzia viatu hadi nywele.

"Uko mzima," alisema.

"Niko mzima, mzee."

"Huna jeraha popote?"

"Sina."

"Basi," alisema, na uso wake ukajifunga. "Ingia. Siwezi kusimama sana."

Hakuwasha birika. Alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, nami nikabaki nimesimama katikati ya zulia kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilimwambia yote: herufi, taa nyekundu, kulia badala ya kushoto, simu mbili nilizoziacha, na niliyomwambia Bi Maureen. Sikuongeza bwawa. Nilitaka kuliongeza, lilikuwa limefika ulimini.

"Umeona niliandikwa nini?" aliuliza.

"Z. Maana yake zambarau."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Sijui. Ni orodha ya zamani, mzee. Watu hupita, huandika wanachokiona."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mke wangu Edna ndiye aliyeweka bango la zambarau kwenye dirisha hili, mwaka 2007. Bango kubwa, lilikaa hadi likapauka. Miezi miwili nilikaa hapa naona nusu ya barabara."

Nikapiga hatua moja kumwelekea. "Kwa hiyo wewe hukuwa..."

"Usilimalize swali hilo."

Nikalitazama lile dirisha.

"Miaka hamsini sijamwambia mtu. Edna amekufa bila kujua, na alijaribu kila mbinu, hata siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu alinivizia. Nimefunga masanduku ya kura ya mji huu kwa lakiri, miaka thelathini. Unadhani nitakwambia wewe, ili ukalale vizuri? Labda uliwanyima wao kura. Labda ulijinyima mwenyewe. Kaa na hilo."

"Ndiyo, mzee."

"Na hilo si ndilo lililoniudhi." Alishika mkono wa kiti, akasogea mbele. "Unajua niliwaza nini? Niliwaza umepata ajali. Gari lenyewe lile bovu, na mwinuko huu. Saa nne kasorobo nilipiga simu hospitali. Nikawauliza kama wameletewa msichana mwenye utepe mweupe. Yule nesi alinitafutia, dakika kumi nzima, wadi kwa wadi. Aliporudi akasema hakuna, nikamshukuru Mungu. Nikavua koti nikamshukuru Mungu. Kumbe wewe ulikuwa unapita huko chini."

Nililia. Sikutaka kulia mbele yake, kwa kuwa machozi yangu yalikuwa kama kumwomba kitu kingine tena, lakini yalikuja.

"Mzee, utanisamehe?"

"Nina miaka themanini na minne. Uchaguzi ujao ni baada ya miaka minne. Hebu piga hesabu, wewe msomi."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga polepole. Gari la maziwa lilipita, likashusha gia kwa ajili ya mwinuko. Tukalisikiliza wote wawili hadi likapotea.

"Kama unataka kusema na mtu," alisema, bila kunitazama, "nenda kwa Maureen. Jana jioni aliniletea supu. Akaniuliza, safari hii penseli ilikuwa na ncha? Nikamwambia sikutoka nje ya nyumba. Akaweka bakuli juu ya meza akaondoka, na mlango akauacha wazi. Ilibidi niinuke kuufunga."

Bi Maureen anaishi karibu na mfereji, nyumba yenye mlango wa manjano. Nilimkuta uani, anaanika mashuka. Aliendelea kuanika. Alikuwa na vibanio viwili mdomoni, akavitumia kimoja kimoja kabla ya kusema lolote.

"Nilijiambia ukija kabla ya Jumapili, nitakusikiliza."

"Bi Maureen, mimi..."

"Najua ulichofanya. Sema hata hivyo."

Nikasema. Mara ya tatu haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Nilipofika kwenye lile neno langu la benchini, "Alitabasamu," alifumba macho.

"Umemwambia Denise?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Nikalale."

"Na hukulala."

"Hapana."

Aliokota kapu, akaingia jikoni, na kwa kuwa hakufunga mlango nikamfuata. Hakunipa chai. Alikaa upande mmoja wa meza, akanionyesha kiti cha upande wa pili.

"Hakuna kesi," alisema. "Nimeuliza. Kutompa mtu lifti si kosa, na kumdanganya mama mzee benchini si kosa. Denise ni diwani na atabaki diwani. Kwa hiyo usije hapa ukitaka nikupeleke kwa polisi ili upate nafuu."

"Sikuja kwa ajili hiyo."

"Nimekaa lile benchi tangu mwaka 1983. Nimekaa na mwanamume ambaye hakunisalimia mtaani kwa miaka sita kwa ajili ya siasa. Nimekaa na mwanamke aliyewahi kuniita mchawi kwenye gazeti. Wote waliniandikia namba zangu nilipoenda chooni, na hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Sikuwahi hata kuwaza kuzihakiki. Wewe ndiye niliyekupenda kuliko wote hao. Nilikuwa nikimwambia Geoffrey, huyu binti siku moja atakuwa diwani mzuri, hata kama si wetu."

Nilitazama mikono yangu.

"Alhamisi ulipewa nyumba ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne."

"Ukapeleka wangapi?"

"Kumi na watatu."

"Uliyemwacha ni huyo mmoja tu?"

"Huyo mmoja tu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na hasira kwenye macho yake, nami ningeipendelea hasira. Alikuwa ananichunguza kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyolowa mvua.

"Unaona shida yangu?" alisema.

"Naona."

"Jumatatu Geoffrey ataniuliza, ni mmoja tu? Chama kizima kitaniuliza. Nami nitawajibu nini? Kwamba Tamsin ameniambia?"

"Waulize wenyewe," nikasema. Sikuwa nimelipanga, lilitoka tu. "Wote kumi na watatu. Nitakutajia majina. Wapigie simu mbele yangu, sasa hivi, uwaulize kama nilikwenda. Na mimi nitakaa hapa nisikie."

"Watajua kwa nini nauliza. Haxenby hii. Kufika jioni mji mzima utajua."

"Najua."

"Na Denise atajua ni wewe."

"Najua, Bi Maureen."

Alifikiri. Nje, mashuka yalikuwa yanapigwa na upepo, yanajaa na kupungua. Kisha akavaa miwani, akavuta simu karibu, akaibonyeza ili sauti isikike jikoni mote, akachukua kalamu.

"Wa kwanza."

"Vera Hargreaves. Kiln Street, namba thelathini na moja."

Simu ililia mara nne.

"Vera? Hujambo, mpenzi, ni Maureen. Mguu unaendeleaje? ... Sikiliza, nina swali la ajabu kidogo. Alhamisi ulipata lifti ya kwenda kupiga kura?"

"Nilipata!" sauti ya Bi Vera ikajaa jikoni. "Yule msichana wa Wakazi, alikuja saa ile ile aliyosema. Anaendesha kama anafukuzwa na mbwa, lakini ana adabu kweli, alinishika mkono hadi ndani. Kwani kuna nini? Amefanya nini?"

Bi Maureen aliniangalia juu ya miwani.

"Nitakueleza, Vera," alisema. "Ngoja nimalize kuuliza wengine."

Akakata simu, akaweka alama ndogo kwenye karatasi.

"Wa pili," alisema.

Nikamtajia.